Safu ya Mipira Iliyopotea

Sikuongeza hata kijiti kimoja. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu wa mtaa wetu ambao hadi leo wakiniona napita wananong'ona kwamba yule mchezaji nilimmaliza kwa kalamu ya uongo. Uongo sikuutumia. Niliandika kila nilichotakiwa kuandika, kwa penseli niliyoichonga mwenyewe, na karatasi zile hata zingekaguliwa na nani, kosa lisingeonekana. Nilimkomoa kwa ukweli mtupu, na nilikusudia.

Nilikuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma. Ghala letu lilikuwa Gerezani, na mizigo ilitoka bandarini kwa malori. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye stuli mlangoni na kuhesabu magunia yanayoshushwa: kijiti kimoja kwa kila gunia, vijiti vinne vikisimama na cha tano kikivikata. Palikuwa na safu ya magunia mazima, safu ya yaliyochanika na safu ya yaliyopotea. Kazi hiyo nilipewa kwa kuwa ni ya kukaa. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia tangu nilipougua utotoni, na wakubwa wa shirika walidhani wananihurumia. Hawakutegemea kwamba baada ya mwaka mmoja makuli na madereva wakigombana wangesema, "Basi, tumuulize karani," na nikitaja hesabu ugomvi unaisha hapo hapo.

Mpira nilifundishwa kuutazama na baba. Naye alikuwa kuli, wa bandarini, hadi mgongo ulipomkatalia. Tangu nikiwa mdogo alinipakia kwenye keria ya baiskeli, tukatoka Kariakoo kwenda Jangwani au Mnazi Mmoja, popote palipokuwa na timu mbili na mpira mmoja. Wenzangu walikuwa uani wakicheza rede. Mimi nilikaa juu ya keria, baba akiishikilia baiskeli isianguke, mchezo mzima, na mgongo ule ule mbovu.

"Usiutazame mpira," aliniambia. "Mpira unatazamwa na kila mtu. Mtazame asiye nao."

Nilichukua muda kumwelewa. Kisha siku moja nikaona. Nikaona mtu anasogea hatua mbili kulia, mpira uko mbali naye kabisa, na kwa hatua zile mbili tu beki wa upande wa pili amekosa pa kuupeleka. Nikamwonyesha baba kwa kidole. Baba alicheka, akanibinya bega, akaninunulia kashata. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na toka siku ile sikuutazama tena mpira kama wanavyoutazama wengine.

Mchezaji mwenyewe alikuja nikiwa na mwaka wa pili pale ghalani. Alitoka kusini, akachukuliwa na shirika letu kama wengi walivyochukuliwa siku zile: jina lake liliandikwa kwenye vibarua wa kushusha mizigo, lakini kilichomleta ni timu. Alicheza kiungo, namba nane. Kibarua angekuwa kibarua hadi mwisho wa msimu, kisha kamati ya timu ingekaa na kuamua kama aajiriwe moja kwa moja au aondoke. Na kuondoka hakukuwa jambo dogo. Siku zile mtu asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa barabarani akapakiwa kwenye lori kwenda kulima kijijini, awe anajua kulima au hajui.

Mara ya kwanza baba kumwona alivua kofia. "Huyu ana macho kisogoni," alisema, na sikumbuki kumsikia akisema hivyo kwa mwingine. Na kweli alikuwa nayo. Mpira ulipomfikia alikwisha kujua unapokwenda. Aliutuma mahali ambapo hapakuwa na mtu, na watu wa pembeni wa timu yetu, ambao walikuwa wazito wa akili zaidi ya miguu, mara nyingine wakafika na mara nyingine wakabaki wakijikuna. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa nyingine. Alikuwa anajua pa kusimama. Alisimama katikati ya wawili wa upande wa pili, hafanyi lolote, na wale wawili hawakuweza tena kupeana pasi.

Pale ghalani alikuja kila asubuhi kwenye dirisha la kibanda changu cha mlangoni. "Ndugu Karani, leo tunashusha mangapi?" Nami nikamwambia ashushe kwanza, nitamjibu jioni. Tulicheka sana. Sina haja ya kujificha: nilikuwa nachonga penseli ambazo hazikuhitaji kuchongwa, ili nisiwe nimeinamisha kichwa akipita.

Mshenga wake akaja nyumbani na barua ya posa, imefungwa kwenye leso nyeupe. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, wapangaji watano na sisi, na hakuna kinachofanyika ukumbini kisijulikane uani. Mama alizuia vigelegele kwa sababu jibu lilikuwa halijatolewa, lakini kesho yake alianza kufuma vitambaa vya viti. Mpangaji wa chumba cha mwisho akaanza kuniita bibi harusi. Tuliambiwa tujibu baada ya wiki mbili, kama desturi.

Kabla wiki hazijaisha nilikwenda uwanjani na baba, na baada ya mchezo nikavuka uwanja kwa miguu kwenda kumsalimia kocha. Wachezaji walikuwa wamekaa chini wanavua daluga. Yeye alinyanyua macho akaniona nikitembea.

Sikuwahi kumficha mguu wangu. Vibarua walipofika asubuhi mimi nilikwisha kukaa, na walipoondoka jioni nilikuwa bado nimekaa nikijumlisha. Kama alidhani stuli ile na mimi tumeota pamoja, kosa si langu. Siku ya nne mshenga alirudi. Hakukubali kukaa wala kunywa maji. Alisimama mlangoni akatazama saa yake na kusema, "Wenzenu wanaomba barua yao." Mama aliingia ndani akaitoa, bado iko kwenye leso yake.

Hilo peke yake pengine ningelimeza. Barua hurudi, si mimi wa kwanza. Ila jioni ile alikaa kwenye baraza la kahawa, na wenzake walipomuuliza mbona amegeuza, akajibu, "Nikimwoa yule, kutoka nyumbani mpaka sokoni itabidi refa aongeze dakika."

Kicheko kile kilizunguka Kariakoo upesi kuliko habari ya sabuni kufika dukani. Kwenye foleni ya unga mwanamke nisiyemjua aliniangalia mguu kabla ya uso. Muuza samaki niliyemnunulia miaka yote akaniuliza, anacheka, kama refa amekwisha kupuliza. Makuli wa ghalani walikuwa wananiheshimu, kwa hiyo wao walicheka nikiwa nimegeuza kichwa. Nilimchukia. Sitafuti neno lililo laini zaidi ya hilo. Nilimchukia nikila na nikifua, na niliomba Mungu aninyooshee njia moja tu ya kumfikia.

Baba naye aliniongezea. Siku ya tatu baada ya posa kurudi ilikuwa Jumamosi, akatoa baiskeli. Nilimwuliza kama bado anakwenda kumtazama mtu yule. "Ni mshenzi," alisema. "Lakini anacheza." Nilipanda keria na chuki yangu, na niliporudi jioni ilikuwa imekua, kwa sababu nilikuwa nimemtazama dakika zote na baba alikuwa amesema kweli.

Njia niliyoiomba ililetwa na meneja. Alikuwa amerudi semina ya mipango, na kwenye korido akatundika ubao wa malengo ya kila idara: magunia, malori, saa za kazi zilizopotea. Siku moja alisimama mbele ya ubao ule akasema kwamba kila idara ina takwimu, ila timu peke yake inaendeshwa kwa maneno. Na hakuwa mjinga. Msimu uliotangulia kocha alimchezesha mtoto wa shangazi yake michezo mitano kwa hoja ya kwamba "nimemwona mazoezini," na kijana yule alikuwa anakanyaga mpira na kuanguka. Meneja alichoka kuambiwa fulani ameonwa.

"Tutahesabu," akasema. "Tuanze na viungo, maana huko katikati ndiko kwenye mashine." Akatafuta mtu ambaye hesabu yake haibishiwi, na hakutafuta mbali.

Tulikaa ofisini kwake watatu: yeye, kocha na mimi. Karatasi ilichorwa kwa rula. Safu ya mipira aliyopokea mchezaji. Safu ya mipira aliyotoa ikafika. Safu ya mipira iliyopotea. Kisha meneja akauliza swali ambalo nililiona linakuja tangu alipoanza kuchora.

"Pasi isipofika, tuandike kwa nani? Aliyeitoa au aliyeshindwa kuipokea?"

"Inategemea, Ndugu Meneja," alianza kocha. "Kuna pasi—"

"Inategemea si takwimu." Akanigeukia. "Dada, huko ghalani mnafanyaje?"

Ghalani, gunia likianguka kati ya lori na mlango, huandikwa kwa aliyeliachia. Haijalishi wa chini alikuwa anapiga soga au amekwenda kunywa maji. Kanuni ile iliwekwa ili kazi isisimame kwa mabishano, na kwa magunia ni kanuni nzuri, maana gunia halijui kukimbia kwenda mahali pazuri. Nilijua itafanya nini uwanjani. Katika viungo wetu wote ni mmoja tu aliyetuma mipira mahali ambapo mwenzake bado hajafika. Wengine walimpa wa karibu na kupumzika.

"Huandikwa kwa aliyeliachia, Ndugu Meneja."

"Basi na uwanjani iwe hivyo hivyo."

Kocha alinitazama. Alijua habari ya posa, nani asiyeijua? Mimi nikaichonga penseli yangu, taratibu, mpaka ikawa na ncha ya sindano.

Jumamosi stuli yangu ilipakiwa kwenye pikapu ya shirika ikawekwa kando ya mstari, karibu na nusu ya uwanja. Baba alibaki ng'ambo na baiskeli yake. Nilihesabu kama ninavyohesabu magunia, bila huruma na bila chuki. Chuki nilikwisha kuiweka kwenye kanuni, haikuhitaji kuongezwa mkononi.

Nakumbuka kipindi kimoja cha kwanza dhidi ya timu ya watu wa bandarini. Kwa karibu nusu saa alisimama pale anapopapenda, kati ya wawili wao, na wale wawili wakawa mayatima. Timu yao nzima ikalazimika kuzunguka pembeni na kupiga mipira mirefu ya kubahatisha. Kwa kazi ile alipata nini kwenye karatasi yangu? Hakupata kitu. Mpira ambao haukupigwa hauna kijiti. Kisha akautuma mmoja nyuma ya mabeki, mzuri mno, na winga wetu alikuwa anapandisha soksi. Ukatoka nje. Kijiti, safu ya iliyopotea. Akautuma tena vile vile, soksi sasa zikiwa zimepanda, winga akafika, goli. Kijiti kimoja, safu ya iliyofika, sawasawa na kile alichopata kiungo mwenzake, namba sita, kwa kumrudishia beki mpira hatua tatu.

Niliona yote. Hilo ndilo nataka lieleweke. Goli lile lilipoingia nilitaka kusimama nipige kelele, na ng'ambo nilimwona baba akirusha kofia. Nilikaa. Nikatazama safu ya mipira iliyopotea jinsi ilivyojaa hadi ukingoni, na roho ikanisuuzika.

Kamati ilikaa baada ya michezo minne. Meneja alisoma takwimu kwa sauti. Namba sita alikuwa msafi kama gunia jipya. Namba nane alikuwa amepoteza mipira kuliko viungo wengine wote wakijumlishwa.

"Karatasi hii haimwoni," alisema kocha. "Mtoeni mchezo mmoja, mtaona timu itakavyokuwa."

"Tutaona, tutaona. Kila mtu ana macho yake, bwana. Wewe uliona kipaji hata kwa mtoto wa shangazi."

Wanakamati wakacheka. Kocha alimeza hilo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akageuza kiti chake kunielekea.

"Dada, wewe unakaa pale mstarini mchezo mzima. Na baba yako namfahamu, najua amekufundisha nini. Iweke karatasi pembeni. Umemwonaje?"

Maneno nilikuwa nayo. Ningeweza kuwaeleza pale pale, kwa vikombe vya chai vilivyokuwa mezani, namna anavyosimama na namna wengine wanavyopotea. Wangenisikiliza. Nikafikiria yule mwanamke wa kwenye foleni ya unga.

"Mimi nimewekwa kuhesabu, Ndugu Kocha," nikasema. "Kuona si kazi yangu."

Ikaamuliwa kwamba namba nane apewe nafasi hadi mwisho wa msimu ajirekebishe kwenye takwimu. Asipojirekebisha, ajira hapati na kibarua kinakoma.

Siku iliyofuata alikuja dirishani. Ulikuwa umepita muda mrefu hajaja. Safari hii hakuegemea fremu kama zamani. Alisimama wima, kofia mkononi.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri."

"Nimeambiwa mambo yangu yote yapo kwako. Nilikuwa naomba unionyeshe ninapokosea. Mama yangu kule nyumbani ananitegemea mimi, nikirudi mikono mitupu sijui nitamwambia nini."

Nilimwachia nafasi. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilimwachia. "Kuna jambo lingine lolote unataka kuniambia?" nikamwuliza.

Alifikiri. Alifikiri sawasawa, amekunja uso kama mtu anayejipapasa mifukoni. "Hapana, dada," akasema. "Ni hilo tu."

Alikuwa amesahau. Mimi nilikuwa nazunguka vichochoro ili nisipite mbele ya baraza la kahawa, na mwenye maneno hakuyakumbuka tena. Laiti angesema nisamehe, hata kwa unafiki, sijui ningefanya nini. Hakusema. Nikafungua faili, nikamwonyesha safu yake, nikamfundisha.

"Toa kwa aliye karibu," nikamwambia. "Usisubiri. Ukimwona wa mbali, jifanye hujamwona. Na usisimame tu pale katikati, maana ukisimama huandikiwi kitu. Ufuate mpira, uuguse, urudishe."

"Urudishe nyuma?"

"Nyuma ni salama. Ukifika, umefika."

Alinishukuru kwa mikono miwili. Makuli walikuwa wanatazama, na nadhani walidhani tumepatana.

Alikuwa mwanafunzi mzuri, hilo lazima nimpe. Mchezo uliofuata aliugusa mpira mara nyingi kuliko mtu yeyote uwanjani, na hakupoteza karibu wowote. Aliukimbilia kama wenzake wanavyoukimbilia, akaupata, akampa beki, akaukimbilia tena. Safu ya iliyopotea ikabaki nyeupe. Pale katikati alipokuwa anasimama pakawa patupu, na timu pinzani zikapita hapo kama wanaopita Mtaa wa Msimbazi siku ya sikukuu. Tulitoka sare moja, kisha tukafungwa, tukafungwa tena.

Mchezo wa tatu baba alikuja upande wangu wakati wa mapumziko, anasukuma baiskeli.

"Yule kijana anaumwa?"

"Haumwi, baba."

"Basi kuna mtu amemharibu." Akautazama uwanja mtupu, akatikisa kichwa. "Kuna mtu amemwambia maneno."

Nilijifanya najumlisha. Nilikuwa namtazama yule mtu kila Jumamosi akijipunguza kwa mikono yake mwenyewe, kwa utii, na niliona utamu wake sina wa kumgawia. Lakini kilichonitia wasiwasi ni karatasi. Nilikuwa nimesahau kwamba anajifunza ili zimsafishe, na zilikuwa zinamsafisha.

Kamati ya mwisho ikakaa. Fomu yake ya ajira ilikuwa mezani, imepigwa taipu, imebaki sahihi. Meneja alikuwa amefurahi. "Namba nane amejirekebisha kuliko wote," alisema. "Hii ndiyo faida ya kufanya mambo kwa takwimu." Kocha alikaa anatazama dirisha. Alikwisha kuchoka kusema.

"Ila kitu kimoja sikielewi," meneja akaendelea, kofia ya kalamu tayari mdomoni. "Mbona hatufungi?"

Akainamia fomu. Niliona kalamu inashuka, na nikaona kwamba hesabu zangu mwenyewe, mkono wangu mwenyewe, ndio unaompa kazi na chumba cha shirika na kitambulisho, na atakaa Kariakoo maisha yake yote akinywa kahawa pale barazani.

Nikanyoosha mkono.

"Ndugu Meneja, niruhusu. Nimekaa mstarini msimu mzima. Naomba leo niseme nilichokiona kwa macho."

Nikawaambia. Nilisema kwamba mpira ukimfikia unarudi ulikotoka, na ndiyo maana haupotei. Nilisema kwamba zamani alisimama katikati ya wawili na wale wawili wakafa, na sasa anaukimbilia mpira kama kuku anavyokimbilia punje, nyuma yake pakabaki barabara. Niliwapangia vikombe vya chai mezani nikawaonyesha goli la pili la mchezo wa mwisho lilivyopita. Nilisema kwamba timu haifungi kwa sababu aliyekuwa anawaona wa mbali hawaoni tena. Kila neno lilikuwa la kweli. Aliyemfundisha sikumtaja, kwa kuwa sikuulizwa.

Kocha alikuwa amegeuka. "Siku ile nilikuuliza," alisema polepole.

"Siku ile nilikuwa nahesabu."

Pengine kocha angeweza kunikatiza, angeweza kuwaambia habari ya posa, lakini alikuwa ameona mchezo ule ule niliouona, na hakuwa na la kukanusha. Meneja alichomoa kofia ya kalamu mdomoni akaifunika kalamu. "Kama karani mwenyewe, mwenye takwimu zake, anasema hivi," alisema, na fomu ile akaisukuma chini ya mafaili.

Nilipotoka namba nane alikuwa kwenye benchi la korido. Aliinuka.

"Dada, nimesikia sauti yako huko ndani. Umenisemea?"

"Nimesema nilichokiona."

Uso wake ukafunguka wote. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akulipe, dada. Mungu akulipe sana."

"Amina," nikasema.

Raha niliyoisikia siwezi kuikana hata leo. Nilipita mbele ya baraza la kahawa kwa mara ya kwanza tangu posa irudi, mchana kweupe, na sikumtazama mtu. Nilimkuta baba uani, ameipindua baiskeli anaziba pancha. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi nikamsimulia yote, tangu kanuni ya gunia mpaka mkono niliounyoosha, sikubakiza kitu. Nilimletea kama mtu anavyomletea mzazi wake zawadi. Ile aibu ilikuwa yake pia, na nilidhani atacheka.

Baba alibaki ameishika ile tyubu, hajaipaka hata gundi.

"Na siku zile za mwanzo," aliniuliza, "ulikuwa unaona alichokuwa anakifanya?"

"Nilikuwa naona."

"Kama ninavyoona mimi?"

"Kama wewe, baba. Yote."

Mpangaji mmoja akapita na ndoo, akasalimia, hakuitikiwa.

"Afadhali ungekuwa huoni," baba akasema.

Yule mtu aliondoka wiki ile ile, nasikia alipanda basi la kusini mwenyewe kabla hajakamatwa. Sikumsamehe, na sikumwomba mtu radhi. Jumamosi nilipotoka chumbani nilikuta baba amekwisha kuondoka na baiskeli, peke yake, kwenda kutazama timu nyingine upande wa Temeke. Pikapu ya shirika ilipiga honi nje. Nikachukua stuli yangu nikapanda.